Jibu Nililomjibia Mama

S.L.P. 41,
Kasikeu.
9 Juni, 2025.

Mpendwa Mama Mdogo Wavinya,

Nakuomba usome barua hii ukiwa peke yako, na usimwambie mtu neno hata moja, hata Baba Mdogo. Mama hajui kwamba nimekuandikia.

Hamjambo huko Tulia? Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila afisini naandika nikifuta.

Huenda umejiuliza kwa nini Mama aliacha kwaya. Mkojo humtoka akikohoa, akicheka au akiinua mtungi. Amelificha jambo hili tangu mwaka jana. Nilipojua, nilimpeleka kliniki, nikaingia naye ndani ili nimfasirie, maana Daktari Wamaitha hajui Kikamba.

Daktari aliuliza kama mkojo humtoka akikohoa. Niliona haya kumuuliza mama yangu swali hilo, kwa hiyo sikumuuliza. Nikajibu mwenyewe kwamba hapana, yeye hubanwa tu ghafla. Basi daktari hakumpima zaidi, akampa vidonge vya kutuliza kibofu.

Kiswahili cha Mama ni kidogo, lakini hicho alikielewa. Njiani aliniambia, "Umenijibia vizuri sana. Sasa unimezee na dawa."

Vidonge vilimkausha mdomo, na maji hanywi kwa kuogopa kulowa. Jumamosi alishikwa na kizunguzungu akaanguka karibu na zizi. Hakuumia, lakini tangu siku hiyo simu ikilia naogopa kuipokea.

Nilirudi kwa daktari nikamweleza ukweli. Amesimamisha vidonge. Anataka Mama aje Alhamisi ijayo, tarehe 19, kibofu kikiwa kimejaa. Watapima mkojo, atakohoa akiwa amesimama waone kama unatoka, na akishaenda haja watampiga picha ya tumbo waone kama kuna unaobaki. Mama amekataa. "Nikohoe mbele ya mtoto niliyemzaa? Nenda ukohoe wewe, si majibu unayo."

Nimeahidi kukaa nje, lakini haniamini tena. Kwako wewe dada yake hana haya. Tafadhali njoo Jumatano, ulale kwake, asubuhi umhimize anywe maji, kisha uingie naye. Atakalosema, lifasiri vile vile alivyolisema.

Nisalimie Baba Mdogo Kitonga na Kanini. Mungu akulinde njiani.

Usipige simu ya Mama. Huiweka sauti kubwa, na jikoni kwake hakukosi watu. Nipigie mimi saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa wametoka. Ukifika Kasikeu usipitie kwangu, nenda moja kwa moja kwa Mama. Alhamisi mkimaliza, nitakuwa nje ya lango la kliniki.

Mwanao akupendaye, ingawa kwa haya nyingi,
Musyimi