Kioo cha Mlango wa Kushoto

Jumanne, 12 Novemba 1996

Leo alasiri nimepoteza kioo cha mlango wa kushoto wa kabati la mteja wetu Anatoli. Nimepoteza na jina. Sijalia. Nimeosha vyombo.

Sikuwepo – nilikuwa dukani nakata vioo vya madirisha. Nyanda, mume wangu, alikwenda peke yake kwa Anatoli kumalizia msasa. Ngurumo zikaanza. Nilipofika nilikuta vipande mpaka chini ya kitanda, na Anatoli kasimama na suti yake ya kununulia pamba. Akauliza imekuwaje. Mume wangu akajibu bila kunitazama: kioo kilibana, mama Masalu alikikata kikubwa. Yaani mimi.

Kikubwa! Mlango wa kuteleza, upana sentimita sitini, urefu mita moja na themanini. Kila upande niliacha milimita tatu, maana mbao huvimba mvua zikianza. Na aliyenifundisha kuwa mbao huvimba ni yeye.

Nikanyamaza. Mke habishani na mume mbele ya mteja. Kijijini kwetu Shishiyu tulilelewa hivyo.

Jumatano, 13 Novemba

Sokoni Martha wa dagaa kaniuliza kama kweli radi imeingia kwa Anatoli ikachagua kioo. Mwingine nyuma yake: radi wapi, ni fundi mwanamke! Wakacheka. Nikanunua dagaa.

Nyanda kala, kalala.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda kuutazama ule mlango. Yupo bibi Ng'washi tu, mama yake Anatoli. Nikamwamkia Kisukuma: "Mwangaluka, mayu." Nikaupindua mlango. Magurudumu ya chini yamezongwa na nyuzi za bluu – za blanketi!

Nikamwonyesha bibi. Hakuficha kitu. Ngurumo zilipoanza alifunika vioo vyote, maana kioo huita radi, hata mtoto anajua. Blanketi akalichomeka juu na chini, relini, lisianguke.

"Mumeo akataka kuvuta. Nikamwambia baba, acha mvua ipite kwanza. Akasema bibi, hii reli ya Mwanza, inateleza yenyewe. Ilivyoteleza ndiyo hivyo!"

Nikamuuliza mbona hukumwambia mwanao.

"Mumeo alikuwa anaongea, na wewe umenyamaza. Nikajua mmekubaliana."

Tumekubaliana. Nimerudi kwa miguu. Sisikii hasira wala njaa.

Ijumaa, 15 Novemba

Anatoli kapita dukani, hakushuka garini. Gesti yake mpya inataka makabati manane, yote milango ya vioo. Kesho saa nne anakuja kusema kama ni sisi au fundi wa Mwanza. "Mbao za Nyanda sina neno nazo," akasema. "Neno ni kioo."

Nyanda alikuwa kando yangu, penseli sikioni. Akacheka kidogo. Tutamrekebisha, mzee, akasema.

Kunirekebisha! Vioo nilijifunza mwenyewe, kwa vipande vya kuokota, vidole vimejaa makovu. Kabla ya vioo vyangu yeye alikuwa anachonga vigoda.

Jumamosi, 16 Novemba

Ningeweza kumleta bibi Ng'washi aseme. Sitamleta. Mdomo ninaoutaka ni mmoja.

Nimemwambia Nyanda akiwa anakunywa uji. Blanketi, reli, bibi – yote. Hakukana. Akasema unataka nidhalilike mbele ya Anatoli? Kazi si yetu wote? Wewe ukibeba lawama hupungukiwi kitu, mimi ndiye baba wa nyumba.

Hupungukiwi! Makabati manane, milango kumi na sita, na kila mmoja watausogelea wakiogopa mkono wangu.

Nikamwambia: akinikataa Anatoli kwa uongo wako, sikati tena kioo hata kimoja kwa mlango wako. Ubao wako peke yako, kioo changu peke yangu. Sauti yangu ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeagiza chumvi.

Akaanza habari ya mvua, jinsi itakavyochelewesha watu leo. Nikamkatiza.

Akifika, utamwambia ni wewe uliyevuta? Ndiyo au hapana, baba Masalu. Sitaki "tutaona". Nijibu kabla ya saa nne.