Namba Tatu ya Mikono Miwili

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kwa daktari wa mifupa. Bega linaanza kupata nafuu, anasema, ila mkono wa kulia usipande juu ya sikio mwaka huu wote. Ubaoni je? Niandike chini chini. Na kuvua je? Akauliza: kuvua nguo? Nikasimama nikamwonyesha. Fimbo juu, kamba nyuma, kamba mbele, tena na tena, mpaka chambo cha manyoya kitue majini kama mdudu wa kweli. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Hiyo sahau, mwalimu.

Nisahau! Jumamosi msimu wa kuvua mtoni unafunguliwa! Mwaka jana nilishinda ukingoni nimemshikia dada koti lake, nampigia makofi. Sirudii.

Jioni dada kapiga simu. Anataka viatu vyangu virefu vya majini ampe binti yake. Eti vimekaa bure tu. Nikamjibu kwa mbwembwe: Jumamosi utaviona miguuni kwangu, na nisipovua, mpwa wangu na avichukue, na fimbo zangu zote achukue!

Domo langu hili. Nimejitia kitanzi mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Zipo! Fimbo za mikono miwili! Nilidhani ni za wanaume wenye vifua kama kabati, wa kwenye mito mipana. Kumbe siku hizi zinatengenezwa nyepesi, za mito midogo na samaki wa trauti. Hurushi kamba nyuma juu ya kichwa. Unaileta ilale majini kando yako, kisha unaitupa mbele, mikono ikiwa kifuani. Kifuani! Daktari hana neno hapo.

Kengele ya mwisho ilipolia nilitoka mbio kuliko darasa la sita. Duka lenyewe liko nyuma ya gereji ya baiskeli. Mwenye duka alikuwa anatafuta miwani, na miwani iko kichwani pake. Akaniuliza maswali matatu hivi: mto upana gani, samaki ukubwa gani, na nyuma yako kuna nini? Nyuma kuna miti, nikasema, imeshanilia chambo kibao. Akacheka. Basi umekuja penyewe.

Mimi na tamaa yangu nikakimbilia ya futi kumi na tatu, namba saba, na namba ikipanda ndivyo fimbo inavyokuwa nzito. Inang'aa hiyo! Mume wangu naye kwenye simu: ukinunua nunua kubwa, ya nini kujibana? Mwenye duka akanipokonya taratibu. Kwa hii, mama, samaki wa mto wenu utamvua na hutajua kama umevua.

Akanipa ya futi kumi na moja, namba tano. Nzuri, lakini nzito mbele. Niliitikisa kidogo tu, bega likaanza kunung'unika. Halafu akatoa nyingine, urefu ule ule, namba tatu.

Jamani! Nyembamba, mpini wa juu wa koki, laini kama kizibo cha chupa, na kishikizo kingine kifupi chini kwa mkono wa kushoto. Nikaitikisa, ikajibu mpaka kiganjani. Nikairudisha. Nikaenda kuangalia ndoana ambazo sizihitaji. Nikarudi nikaishika tena. Nikajikuta nacheka peke yangu dukani, mtu mzima.

Akataka kunionyesha na kamba. Nikamwambia kamba ya namba tatu ninayo nyumbani, ya fimbo yangu ya mkono mmoja, usihangaike. Akafungua mdomo, mara akaingia mteja mwingine, nami nikalipa nikapaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeiunga sebuleni. Imepiga taa, imetoka nje dirishani. Mume wangu: mwalimu na fimbo yake, safari hii wanafunzi wamekukosea nini? Mwache aseme. Mwenyewe nimemfuma anaipapasa.

Alhamisi, 6 Machi

Sina hamu.

Nimekwenda bwawa la bustani baada ya kazi. Kamba haikwenda popote! Inainuka, inakata pumzi, inanimwagikia miguuni kama tambi. Nikaongeza nguvu. Ikaanguka karibu zaidi. Nikaongeza tena, nasukuma kwa mkono wa kulia mpaka meno yanauma, na bega likapiga kelele.

Nikaingia garini nikalia. Si maumivu. Ni kwamba nimejiona ukingoni tena, na koti la mtu mikononi. Labda nimekwisha. Labda dada ana haki.

Mume wangu hakutania leo. Kanikanda bega kimya kimya. Hiyo ndiyo imeniogopesha zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

KUMBE!

Mapumziko ya saa nne nimempigia mwenye duka, nataka kuirudisha. Akauliza: umefunga kamba ipi? Ile yangu ya namba tatu, fimbo namba tatu, kamba namba tatu, kuna kosa gani? Halafu akacheka mpaka akakohoa. Mama, hizo namba hazijuani! Namba tatu ya mikono miwili inataka kamba nzito mara mbili ya hiyo yako na zaidi. Fimbo haikuhisi kitu, ingerusha nini? Na kosa ni langu, akasema, ningekuzuia mlangoni.

Nilitamani kuikumbatia simu. Walimu wenzangu wakadhani nimeshinda bahati nasibu.

Jioni alinisubiri bwawani na kamba fupi nene, na somo moja tu. Mkono wa juu unaelekeza, wa chini ndio unaovuta. Wa chini! Mimi nilikuwa namtwika kazi yote mgonjwa. Nikaileta kamba kando, ikalala, nikavuta kishikizo kuja tumboni kwa mkono wa kushoto —

Fyuu! Ikaenda! Ikanyooka mpaka mwisho, ikatua polepole, bata wakaondoka. Nilipiga yowe. Nikarudia. Nikarudia mpaka giza. Bega? Halikusema kitu.

Silali leo, najijua.

Jumamosi, 8 Machi

Mtoni. Naandika nimekaa juu ya jiwe, nimelowa mpaka kiunoni.

Dada alipoiona fimbo aliangua kicheko. Eti nimekuja kudeki mto? Hakuniangalia nilipoingia majini. Ila nilipotupa mara ya pili, miti iko pale pale mgongoni na kamba haikugusa hata jani, kicheko kikakatika. Akajifanya anafunga chambo.

Sijapata samaki. Mmoja kagusa akaachia, moyo ukanipasuka. Sijali! Nimevua asubuhi nzima! Mimi!

Sasa dada yuko kule kwenye kona. Kuna trauti mkubwa anakula ng'ambo, chini ya matawi, namwona akivunja maji. Dada kamrushia, kamrushia tena. Haifiki. Akipiga hatua moja mbele maji yanamzidi. Huyu dada ndiye aliyenifundisha, na tangu utotoni hajawahi kumwachia mtu samaki wake, hata baba.

Amesimama. Anakunja kamba yake. Ananigeukia, ananiita kwa mkono, anasema kitu, maji yanamfunika sauti. Anarudia kwa kupaza —

Njoo wewe! Yako inafika!

Wee! Anasogea pembeni kunipisha. Naenda!