Shemeji Armand Anajua Kila Kitu

Clair, New Brunswick
9 Novemba 1968

Kaka Rosaire,

Salamu nyingi. Mimi mzima, Solange anakohoa kidogo tu. Na wewe huko migodini, kifua chako kinaendeleaje?

Shemeji yako Armand ametoka hospitali. Ule mti uliomwangukia ulimvunja mfupa wa paji la uso, lakini anatembea, anakula, anaongea. Majirani wananipongeza. Kaka, sijui niwajibu nini. Hajasahau kitu, na kwa hesabu anampita mwalimu wa Solange. Ila asubuhi hukaa na jozi mbili za soksi mkononi mpaka saa sita, asijue avae ipi. Kwenye maziko ya mama yake hakutoa chozi. Alimwambia padri mbele za watu, "Umenenepa wewe! Jeneza lako litataka wabebaji wanane."

Daktari anasema imeumia sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomfanya mtu aone uzito wa jambo ndipo aamue. Nikauliza itapona lini. Akaanza kufuta miwani.

Dada yako,
Lorraine

Sudbury, Ontario
30 Novemba 1968

Dada mpenzi,

Nimefurahi mko hai. Kifua kinakohoa, nami nakitukana, tunaishi hivyo hivyo.

Usikate tamaa mapema. Armand namjua tangu tunakata magogo pamoja. Yule kichwa chake kigumu kuliko mti. Usimfungie ndani kama mgonjwa. Mwache atoke na Solange, wakavue samaki kama zamani. Kwa mtoto yule alikuwa hajiwezi. Moyo wake utaamka.

Mpe shemeji salamu, mwambie bado ananuka jasho.

Kaka yako,
Rosaire

Clair
17 Machi 1969

Kaka,

Natumaini u mzima. Nimekaa kimya kwa sababu nilishindwa kuandika.

Nilifuata ushauri wako. Sikulaumu, ningefanya hivyo hata usingesema. Walikwenda kuvua mtoni mwezi wa pili, maji yakiwa yameganda. Barafu waliyosimama juu yake ikapasuka, Solange akatumbukia. Mzee Cyr alisikia kelele kutoka zizini kwake, akakimbia kumtoa. Yuko hai. Vidole vitatu vya mkono wa kulia viliganda kwa baridi, vimekatwa.

Armand alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Nikamwuliza, "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natazama."

Daktari akamwuliza mtu akitumbukia barafuni aokolewe vipi. Akajibu kama anayesoma kitabuni: "Unalala kifudifudi, unamsogezea ufito, unamwambia asitapetape."

Ufito ulikuwa mkononi mwake, Rosaire.

Nimempeleka kwenye nyumba ya wagonjwa, upande wa Quebec. Alisema, "Sawa," akaingia bila kugeuka. Solange ananiuliza alimkosea nini baba. Mimi siwezi kurudi kule. Nenda wewe, uniambie ukweli.

Dada yako,
Lorraine

Sudbury
8 Juni 1969

Dada yangu,

Hamjambo? Mkono wa Solange umepona? Nisamehe ile barua yangu ya Novemba. Naikumbuka kila neno.

Nimemwona. Ana afya, amenyolewa vizuri. Alinitajia siku mliyooana, rangi ya gauni lako, uzito wa Solange alipozaliwa. Nikamweleza habari za vile vidole. Akasema, "Ndiyo, vitatu."

Nikamwuliza, "Armand, una hamu ya kumwona Lorraine?"

Aliwaza, dada. Aliwaza kwa bidii mpaka jasho likamtoka usoni, nami nikaanza kutumaini. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa:

"Najua mume anapaswa kuwa nayo."

Usimsubiri.

Kaka yako,
Rosaire