Simu Uliyoniachia

La Paz, Iloilo
Tarehe 9 Oktoba

Mdogo wangu Edzel,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula na umekauka, maana najua kazi yenu ya lulu ni kuloa kutwa nzima. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi za kanisa, lakini mdomo ni mzima kabisa. Juzi alipokiona kitambaa nilichomnunulia Ivy cha gauni la shule, alisema angekuwepo Edzel tusingemvisha mtoto pazia. Shemeji yako Rodel bado anapeleka wanafunzi kwa bajaji yake. Benjo ameota meno mawili na ananiuma akinyonya. Tangu nimzae sijalala usiku ukaisha. Nguo za wanafunzi wa bweni bado nafua mimi, na mikono yangu sasa ukiiona utadhani tangawizi.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa huko kisiwani kwenu mtandao haufiki. Binamu yetu Nestor anasafiri Jumatatu kwenda Puerto Princesa, na ameahidi kumkabidhi nahodha wa boti inayowapelekea chakula. Naiweka barua ndani ya kopo la biskuti na kulizungushia utepe wa gundi mara nne. Nestor nimemwambia ni samaki wakavu, na kweli wamo. Ukilifungua, lifungue ukiwa peke yako.

Sasa nisikilize. Siku unaondoka Aprili uliniachia simu yako, ukasema huko haina kazi, na yangu Ivy alikwisha kuitumbukiza kwenye beseni la nguo. Nilishukuru. Asubuhi ya pili, saa kumi na mbili, uliingia ujumbe: habari ya asubuhi, bonyeza moja kama umemeza, bonyeza mbili kama bado. Nilidhani ni vitamini. Halafu nikarudi juu kwenye kioo cha simu kusoma za nyuma, jambo ambalo dada hakupaswa kulifanya, na nikakuta yote. Nikajua kwamba una VVU tangu mwaka jana, na kwamba kabla ya kuondoka ulichukua chupa tatu za dawa.

Nitakwambia na hili, maana sitaki kujifanya mwema. Siku hiyo niliipangusa simu kwa siki. Simu, Edzel. Na bilauri yako ya bluu nikaitenga kwenye dirisha. Baadaye Ivy akaichukua akanywea maji, nami nikakaa kwenye ngazi nikalia, si kwa kumwogopea mtoto, bali kwa aibu. Wewe ndiye uliyemwogesha mtoto huyu alipozaliwa nami siwezi kusimama.

Kwamba unapenda wanaume haikuwa siri ya nyumba hii. Mama alikwisha kujua kabla hujajijua, na hakuna siku aliyokupakulia wali pungufu. Kwa hiyo niliumia kwamba umebeba hili peke yako mpaka ukaona heri ukimbilie baharini. Mama sijamwambia, wala sitamwambia. Ni lako kulisema.

Wiki iliyopita nilimbeba Benjo nikaenda kwenye kliniki ile ya ujumbe. Ni ghorofani, juu ya duka la mikate, na nilizunguka mara mbili kabla ya kupanda. Nilitegemea kuona watu wanaokufa. Nikakuta vijana wanacheka, wanagombania chaja. Mmoja aliyemshika Benjo nilipokuwa najaza fomu alisema yeye hana VVU, amefuata dawa ya kujikinga, na Benjo akamtapikia shati jipya. Aliniambia nisijali, shati lenyewe la kuazima.

Nilimwulizia Wilmar. Huyo ndiye mshauri anayekuandikia. Ni mtu mzima mwenye kitambi, na alinieleza bila kuficha kwamba yeye pia anapenda wanaume na anaishi na VVU mwaka wa kumi na moja sasa. Alisema mtu akimeza kila siku bila kuruka, virusi hupungua hadi kipimo kisivione, na hapo hamwambukizi mpenzi wake. Lakini kuhusu wewe alikataa kunieleza hata neno. Alisema mambo ya mtu ni ya mtu, hata kwa dada yake.

Na hapa ndipo penye neno lililonifanya niandike, ndugu yangu. Nimelizunguka kama nilivyoizunguka kliniki ile.

Asubuhi zote hizo, miezi sita, nilikuwa najibu mimi. Nilibonyeza moja kwa jina lako. Mwanzoni niliogopa wasipojibiwa watatuma mtu nyumbani, na Mama afungue mlango. Lakini baada ya ile moja, Wilmar huandika mwenyewe. Huuliza umelalaje, leo moyo ukoje. Edzel, hapa nyumbani kila mtu huniuliza soksi ziko wapi. Nikaanza kumjibu kwamba nimechoka, kwamba kuna siku natamani kukaa chooni tu nimejifungia. Naye alinijibu kwa upole, akidhani ni wewe. Nikawa naamka kabla ya Benjo ili nisubiri ujumbe wako. Julai alipouliza mbona hujafuata dawa, niliandika kwamba umeshachukua huko huko Palawan uliko. Niliandika uongo huo huku naunga mboga, kwa kidole kimoja.

Nilipomwambia haya sikuweza kumtazama. Hakufoka. Alisema alianza kushuku, kwa sababu wewe hukuwahi kumwuliza kama naye amekula, kama nilivyokuwa namwuliza mimi. Halafu akasema, "Dada, mtu akinyamaza siku tatu tunaanza kumtafuta. Wewe hukuninyima jibu hata siku moja."

Basi ndivyo ilivyo. Kimya chako kingekuokoa, nami nikakizima. Chupa tatu ziliisha Julai. Kama hukupata nyingine, umekaa miezi mitatu bila dawa na hakuna aliyejua, kwa sababu yangu. Nisamehe, au usinisamehe, lakini kwanza shuka kisiwani.

Boti ikirudi mjini, uwe ndani yake. Mwambie msimamizi dada yako anaumwa, si uongo mkubwa. Wilmar alinipa anwani ya kliniki ya Puerto Princesa, nimeiandika nyuma ya picha ya Benjo. Mwulizie nesi Corazon. Watakupima damu kwanza, ndipo daktari aamue uanze vipi tena. Usianze kwa dawa ya kuazima kwa mwenzako. Hakuna atakayekugombeza, niliuliza mara mbili. Lakini kama Nestor atarudi na boti imekuja bila wewe, nitapanda meli na watoto wote wawili, na Benjo sasa analia sauti ya kusikika mpaka chini ya maji huko walipo chaza wenu wa lulu.

Mama anakusalimu, anauliza lini utarudi kumshonea. Rodel anakusalimu. Ivy amekuchorea chaza mwenye miguu. Bilauri yako iko kabatini pamoja na zetu, isipokuwa asubuhi, ambapo naitumia mimi.

Simu yako nakurudishia, imo chini ya samaki, imejaa chaji. Ukifika mjini itashika mtandao. Ujumbe wa leo umeingia saa kumi na mbili kama kawaida. Sikuujibu. Huo ni wako, na ukweli ukiwa mbili, bonyeza mbili.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Rhealyn