Niliposimama Mahali pa "Was"

Shikamoo Mjomba,

Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana leo nina haraka ya kukupa habari. Matokeo ya darasa la saba yametoka, na watoto wako wote kumi na wanne wa pale uani wamefaulu Kiingereza. Wote! Hata Hamisi, yule uliyesema kichwa chake kimepigwa kufuli. Nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya soko la Mkuyuni, watu wakauliza harusi ya nani.

Wewe uliondoka ukidhani darasa ndiyo basi. Mama, dada yako, naye alisema hivyo hivyo kabla hata matanga hayajaanuliwa. "Wewe Kiingereza chenyewe ulikifeli, Zuhura. Utamfundisha nani? Rudi sokoni ukauze ndizi." Kweli nilifeli, ukanifundisha upya ukubwani pamoja na watoto hao, nimekalia ndoo kwa sababu mabenchi hayakutosha.

Siku ya tatu ya msiba wakaja watani wa ukoo wetu. Unawajua, hawana huruma. Bi Mwanaidi kavaa kanzu yako na miwani yako, anakohoa kama wewe. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Halafu akawapanga watoto mstari, kama ulivyokuwa ukiwapanga jioni, kila mmoja neno lake: "Asha peeled the cassava." Akaamuru waigeuze sentensi, muhogo utangulie. Muhogo, yaani Hamisi, akaja mbele. Asha akaenda nyuma na "by" yake. Rehema, ambaye ni "peeled", akabaki katikati. Bi Mwanaidi akasoma kwa madaha: "The cassava peeled by Asha."

Watoto walikuwa wanatazama pengo kati ya Hamisi na Rehema.

Pale ulikuwa ukisimama wewe, Mjomba. "Was" ulikuwa wewe siku zote. Ulisema Kiswahili chetu kinamaliza kazi ndani ya neno moja, tunasema "ulimenywa" na mambo yamekwisha, ndiyo maana huyu msaidizi tunamsahau, na Mwingereza bila yeye haendi. Kwa mambo ya kila siku ukawa "is". Vitu vikiwa vingi ulivaa kofia ukawa "were".

Sijui niliinukaje. Mfiwa hukaa mkekani na kuwaacha watani wafanye yao. Mimi nikaenda kusimama kwenye lile pengo, kanga ya msiba mabegani, nikatamka "was" mpaka koo likaniuma. Watoto wakaipokea sentensi nzima kwa kelele. Nililia, Mjomba, nililia mbele za watu bila aibu. Kisha nikaendelea: "My hoe was stolen." Jembe langu liliibwa, mwizi hatumjui, kwa hiyo huku nyuma hasimami mtu. Wazee wakaanza kuniuliza maswali. Bi Mwanaidi akavua miwani yako, akanikabidhi, akasema utani wake umeishia hapo.

Baada ya arobaini nikafungua darasa. Siku ya kwanza walikuja sita, na Mama alipitia njia ya nyuma asituone. Sikuacha hata jioni moja. Kwamba "ate" lazima ibadilike iwe "eaten" kabla ya kusimama nyuma ya "was", tuliirudia mpaka kuku wa jirani wakahama. Mimi mwenyewe bado nachungulia daftari lako kabla ya kufundisha, usinicheke.

Jana nilimsomea Mama majina ya waliofaulu. Alisikiliza mpaka la mwisho, akaingia jikoni, akarudi na chai na maandazi ya moto. Nimekukumbuka sana nilipokuwa nakunywa ile chai.

Pumzika kwa amani, Mjomba wangu. Nakuahidi kwamba maadamu miguu yangu inasimama, uani kwako hapatakuwa kimya jioni. Leo wanaanza wapya tisa, na Mama ndiye aliyekwenda kuwaazimia mabenchi. Nakuaga hapa, maana ananiita nije kuwapokea. Tangu jana haniiti tena Zuhura. Ananiita Mwalimu.

Mpwa wako,
Zuhura