Mama mkwe ameficha koti la marehemu, na mwanangu anafunikwa nalo

Shangazi Salvina, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa huku Nyakatuntu, wilaya ya Kyerwa, na nakuomba unisome hadi mwisho maana sina mwingine wa kumwambia, hapa kila mtu ni ndugu wa mume wangu na neno ukilitamka kisimani linakutangulia kufika nyumbani.

Naitwa Benitha, mume wangu ni Yustus, tuna watoto wawili, Edith aliyeanza chekechea na mdogo wake ambaye bado ananyonya. Habari zetu nadhani ulizisikia. Shemeji yangu Rogasian, mdogo wake Yustus, alikuwa fundi wa kuchomelea, akanunua chuma chakavu kilichotoka kwenye kambi iliyotelekezwa na mkandarasi wa barabara, chuma kidogo lakini kizito ajabu, akakikata hapo uani kwetu, kumbe ndani kulikuwa na dawa ya mionzi, unga tu, ukamwagika, naye akaupangusa kwa mikono akajifutia kwenye koti lake na kuendelea na kazi. Akaanza kutapika siku hiyo hiyo, sisi tukasema ni pombe, ni rubisi. Alipobadilika ngozi ndipo tukampeleka hospitali, wakamhamishia mbali, akafia huko, na maiti hatukuletewa.

Halafu wakaja wale watu wa mavazi meupe na vipimo vinavyolia. Shangazi, hujawahi kuona kibanja, shamba la nyumbani, kikivuliwa nguo. Migomba yote walikata, ile aliyoipanda baba mkwe, mibuni wakang'oa, udongo wa juu wakaukwangua wakautia kwenye mapipa, magodoro, sufuria, picha za harusi yangu, kuku, vyote. Tulikaa shuleni na wakimbizi wenzetu wa kitongoji kizima, na kwa muda mrefu hakuna lori lililosimama kwetu, wachuuzi wakisikia ndizi ni za Nyakatuntu wanazishusha. Watu waliuza kwa kudanganya kwamba zimetoka Igurwa. Mimi mwenyewe nilikataliwa kukaa benchi moja na watu kanisani, mama mmoja akamvuta mtoto wake akisema, "Usimguse, hao ndio wenyewe."

Sasa tumerudi. Wamepima wakasema pasafi, wametuletea udongo mwingine mwekundu kama tofali, tumepanda machipukizi mapya, na mwezi uliopita wanunuzi wa ndizi wameanza kuja tena na msimu wa kahawa unakaribia. Mwenyekiti wa kitongoji alitukusanya akasema, "Tumeteseka vya kutosha. Asitokee tena mtu wa kututia doa." Wakati anasema alikuwa anatutazama sisi.

Sasa msiba wangu ni huu. Mama mkwe, Kemirembe, alikuwa amelichukua lile koti la Rogasian siku anapelekwa hospitali, akalitia kwenye mfuko wa salfeti na kulipeleka kwa dada yake Igurwa kabla hawajaja wapimaji, na sisi hatukujua. Wapimaji walipoondoka akaenda kulirudisha. Mimi nimelikuta juzi mvua inanyesha, bibi amekaa na Edith mapajani kwenye kitanda chake, amemfunika nalo hadi kichwani, wanaimba.

Nilipiga kelele. Nilimnyang'anya mtoto. Mama mkwe hakukasirika, shangazi, ndiyo inayoniua, alilikunja polepole akaliweka kifuani akaniambia, "Mwanangu wamemzika na zege kama msingi wa daraja. Sikumwosha, sikumwona uso. Alichokalia wakakitupa, alichokunywea wakakitupa. Limebaki hili linalonuka jasho lake. Nawe unalitaka?"

Nikamwambia mama, si mimi ninayelitaka, lina sumu, walituambia kila alichovaa siku ile kina sumu. Akasema, "Ningekuwa nimeshakufa." Lakini shangazi, aliposhusha kanga niliona bega lake, ngozi imekuwa nyeusi na inabambuka kama aliyemwagikiwa uji wa moto, na yeye anaipaka mafuta ya ng'ombe na kusema ni upele.

Nilimwambia Yustus. Nilidhani atalichukua saa hiyo hiyo akapige simu kwa wale wataalamu, namba si walituachia. Akasema, "Unajua wakija watafanya nini? Watazungushia utepe tena. Malori yatageuka. Kitongoji kizima kitakuja hapa na mapanga." Nikamwuliza, na watoto? Akasema atamwomba mama alifukie shambani. Nikasema kwenye udongo huu mpya, tutakaokula ndizi zake? Akasimama akaniambia, "Ukienda kusema, usirudi hapa. Mimi nimeshazika mdogo wangu bila mwili, sitamwongezea mama yangu aibu."

Hajamwomba mama kitu chochote. Koti lipo. Watoto nawazuia kuingia chumba cha bibi yao na Edith analia ananiuliza bibi amekosa nini. Nikisema, nimekiangusha kijiji na nimekosa ndoa. Nikinyamaza, sijui ninawanyonyesha nini wanangu. Mama yangu yupo Nyabiyonza, ni mjane, sijamwambia. Wewe ungefanyaje, shangazi?

Benitha, Nyakatuntu

*Shangazi Salvina anajibu:*

Benitha, majina nimeyabadilisha, ingawa najua Nyakatuntu nzima itakutambua kabla haijamaliza aya ya kwanza. Pole. Pole ya kweli, si ile ya kuandika.

Barua yako sikuiweka kwenye foleni na wenzio wanaolalamikia wachumba. Nilipiga namba uliyoiandika chini, akapokea mwanaume, nikakata. Baada ya hapo niliwatafuta wale wataalamu na kuwaambia lilipo koti. Sikukuomba ruhusa. Hasira yako naipokea, lakini uliponiandikia kwamba mtoto amefunikwa hadi kichwani, ulitaka niifanyie nini hiyo sentensi? Niipambe?

Unaposoma haya wameshafika kwenu na unajua kuliko mimi. Waliporudi walinieleza machache na nitayasema, kwa sababu majirani zako nao wanasoma. Hawakufunga kijiji. Walifunga chumba kimoja, wakaondoa koti, kitanda na sakafu ya udongo hapo kilipokuwa. Migomba yenu mipya ni misafi, na ya jirani ni misafi. Hata hivyo lori moja liligeuka njiani siku ile ile, na watu wawili walipiga mawe kwenye bati lenu. Hilo sitalificha. Ulichokiogopa kimetokea kidogo, na kidogo chake kinauma.

Sasa nikugombeze. Uliona bega la mama linabambuka, ukarudi jikoni. Ulikuwa na namba ya simu, ukaenda kuomba ruhusa kwa mtu ambaye ulishamjua atasema nini. Mtoto anayekula sumu hana siku za kusubiri baba yake apate ujasiri. Ndoa yako si sababu, na msimu wa kahawa si sababu. Mwenyekiti wenu akisema doa, mwulize doa ni kusema au ni kunyamaza hadi mtoto wa chekechea aanze kutapika na watu waseme tena ni rubisi.

Yustus, nawe najua unasoma. Mke wako aliomba ushauri, aliyepiga simu ni mimi. Ukitaka wa kumfukuza, njoo ofisini kwetu, nipo kila siku ya kazi. Unasema hutamwongezea mama yako aibu. Ulikuwa unamwacha aoze bega ili majirani wauze ndizi. Umefiwa, nakubali, na hakuna aliyekupa hata nafasi ya kulia kwa sababu kila mtu alikuwa anakukimbia. Lakini huzuni yako usimvishe binti yako.

Kwa mama Kemirembe sina ukali. Mtu aliyenyimwa maiti atashika chochote. Nimewauliza wataalamu na wamenijibu: kaburi lipo, limejengewa uzio, na kulitembelea hakuna hatari yoyote. Hakuna aliyewaambia, na ninyi hamkuuliza. Miezi yote hii mama amelala na koti kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia mwanawe yuko wapi. Yustus, hiyo safari ni yako. Mchukue padri wenu, mchukue mama, mwende. Aombe, aguse hilo zege, alie kwa sauti. Ukishindwa nauli, kopa.

Benitha, fanya haya na usimwulize mtu. Wapeleke watoto wote wawili hospitali ya wilaya wapimwe damu, na uwaambie madaktari kila kitu, pamoja na kunyonyesha, wao ndio watakaokuambia uendelee au uache. Mama mkwe aende gari hilo hilo, hata akitukana njia nzima. Nguo alizovaa Edith siku ile usizifue wala usizichome, wataalamu wanarudi wiki hii, wakabidhi. Edith mwambie ukweli wa kimo chake: bibi hajakosa kitu, bibi anaumwa.

Mpigie mama yako leo. Mjane wa Nyabiyonza amezika mume akalea watoto peke yake, habari hii haitamwangusha, itakayomwangusha ni kuisikia sokoni. Na Yustus akishikilia neno lake kwamba usirudi, wachukue wanao uende kwa mama yako ukiwa umenyoosha shingo. Usiache ujumbe wa kuomba msamaha. Huna kosa la kusamehewa katika nyumba hiyo, isipokuwa zile siku ulizochelewa, na hizo utawajibu wanao, si yeye.