Sweta ya Mama na Umande wa Werugha

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimetoka kanisani na jibu mkononi! Ama karibu jibu. Pasta amehubiri juu ya yule mtu wa kale aliyetaka kujua mapenzi ya Mungu, akaacha ngozi ya kondoo nje usiku kucha. Akaomba umande uiloweshe ngozi peke yake, ardhi ibaki kavu. Asubuhi akaikamua, maji bakuli zima! Nikakaa wima kwenye benchi. Hii ni yangu.

Maana kuamua mwenyewe nimeshindwa. Baba abaki kwake Werugha, ama nimteremshe hapa Voi awe karibu nami? Tangu aanguke kule shambani mwezi wa tano sijalala vizuri. Alikaa chini ya tuta saa tatu nzima, mzigo wa majani ya ng'ombe juu yake, ukungu umefunga. Kama si Malkia kupiga kelele kwa kutokamuliwa, Noah jirani asingejua kitu. Ng'ombe ndiye aliyemwokoa baba yangu! Na mimi niko huku agrovet nauza dawa ya minyoo ya ng'ombe wa watu.

Chumba kando ya changu kimeachwa wazi. Bi Mwanaesha, mwenye nyumba, amesema atanishikia hadi Jumapili ijayo. Nimempigia ndugu yangu Sylus huko Mombasa. Ati mimi ndiye kifungua mimba, niamue tu, yeye atakubali lolote. Asante sana, Sylus. Umesaidia kweli.

Basi. Ngozi ya kondoo sina. Sweta ya Mama ninayo — ile ya kijani, ya sufu, niliibeba baada ya mazishi bila kumwambia mtu. Leo jioni naiweka uani juu ya beseni. Ikilowa, Baba abaki. Ikikaa kavu, aje Voi. Mungu wangu, niongoze.

Jumatatu, 4 Agosti

Kavu!

Jumanne, 5 Agosti

Kavu tena. Kavu kabisa, na vumbi juu. Nimeshukuru kwa magoti. Nimeanza hata kupanga — kitanda cha Baba kitakaa ukuta gani, nani atamchukua Malkia.

Jumatano, 6 Agosti

Bi Mwanaesha amenifumania asubuhi nikipapasa sweta. Akauliza, kwani nguo za jana hazijakauka, mwanangu? Nikamweleza yote. Amecheka mpaka akashika ukuta! Anataka kujua ni lini mara ya mwisho nimeona umande hapa Voi mwezi wa nane. Ati niache mkate hapo usiku mmoja, asubuhi nitauvunja kwa nyundo.

Aki nimeona aibu. Nimemtungia Mungu mtihani na majibu nikayaandika mwenyewe!

Kisha akaketi kwenye ngazi, akaacha utani. Kwao, anasema, mtu akitatizwa na jambo husali rakaa mbili za istikhara, akamwachia Mwenyezi Mungu amchagulie la heri. Lakini pia hutaka shauri kwa watu, hasa mwenye jambo lake. "Na huyo baba yako umemuuliza?"

Nikamwambia nimechelewa kazini. Sikuwa nimechelewa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mteja kutoka Miasenyi ameingia dukani akitafuta ng'ombe wa maziwa. Nikafungua mdomo niseme ninaye. Nikaufunga. Malkia akae Miasenyi, jua lile, vumbi la malori? Hamalizi wiki.

Nimejificha nyuma ya magunia ya chumvi nikalia. Kulilia ng'ombe, mimi, mtu mzima! Uongo. Silii ng'ombe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata. Kesho napanda Werugha na sweta yangu. Kule hata kiberiti hulowa kikiwa mfukoni. Kwa hivyo nageuza ombi: kila kitu kilowe, sweta ibaki kavu. Ikiwa kavu Werugha, hata Bi Mwanaesha hatacheka, na Baba atakuja Voi. Ikilowa, abaki, nami nitanyamaza.

Moyo wangu unataka ipi? Naogopa kuandika.

Jumamosi, 9 Agosti — Werugha

Ukungu tangu Wundanyi. Boda amewasha taa mchana. Baba amekonda. Mkono wa kushoto anauweka mfukoni nisione unavyotetemeka. Nimeuona. Roho imeniuma.

Lakini maneno hajapoteza hata moja! Amenipikia kimanga, mihogo na maharagwe ya kupondwa, ananisukumia sahani, anauliza kama huko Voi tunaishi ama tunakaangwa. Jioni nikataka kumsaidia kukamua Malkia. Akanifukuza — ati nakamua kama mtu anayeandika meseji.

Amenionyesha pale alipoanguka. Amepigilia vigingi mteremko mzima, akafunga kamba ya kushika. Mwenyewe, kwa mkono huo huo mbovu. Nilimsifu, nikanyamaza juu ya chumba.

Sweta iko nje juu ya ua. Nimeomba. Sasa ni Yeye.

Jumapili, 10 Agosti — Werugha

Saa kumi na mbili nimetoka nje pekupeku. Ua umelowa. Majani, mawe, kamba ya nguo, nywele zangu — chepechepe. Sweta hakuna!

Nimezunguka nyumba mara mbili. Nikaingia jikoni. Hiyo hapo, kwenye kiti cha Mama kando ya mafiga, imekunjwa vizuri. Nikaishika. Kavu. Kavu na inanuka moshi.

Baba alikuwa anakoroga chai. Hata hakugeuka. Ati jana usiku alitoka kuangalia kama amefunga zizi, akaikuta nje. Haikuwa imekaa hata nusu saa. "Sweta ya mama yako hailali nje, Wendy." Na ameitafuta miaka miwili, anasema. Aliulizia mpaka kwa akina mama wa kanisa.

Sasa mimi nifanye nini? Kavu, Werugha, mwezi wa nane! Ndicho nilichoomba, neno kwa neno. Lakini aliyeiingiza ni Baba. Ama Mungu alimtuma Baba? Na mtu anayetoka usiku kukagua zizi na kuokota sweta, huyo ndiye nimekuwa nikisema hawezi kujiangalia?

Nikamwambia yote. Mahubiri, beseni, umande, chumba. Nilidhani atacheka. Wapi! Akanimiminia chai kwa mkono ule mbovu, makusudi, akinitazama. Ikamwagika kidogo. Akauliza jambo hili nimewauliza kina nani. Nikahesabu: Mungu, pasta, Sylus, Bi Mwanaesha.

Akangoja. Akangoja jina la tano. Nikaangalia kikombe changu.

"Nisamehe, Baba."

Akasema yeye pia huomba kila siku, na Mungu hajawahi kumwambia kwamba mwanawe ni bubu, hawezi kumuuliza. Nikacheka na machozi yakatoka. Malkia akaanza kulia huko zizini. Baba akachukua ndoo, akafika mlangoni, akasimama. "Hicho chumba chako. Dirisha linaangalia wapi? Milima inaonekana?"

Sijui! Nimepita mbele ya kile chumba miaka minne, hata siku moja sijaangalia.

Nimempigia Bi Mwanaesha. Akadhani nimepiga kumpa jibu, akaanza na Alhamdulillahi. Nikamwambia jibu bado, kwanza dirisha. Hakuuliza kwa nini. Amesema nisikate simu, anatafuta ufunguo.

Simu iko sikioni, naandika kwa mkono mmoja. Nasikia ndara zake uani. Nasikia kufuli. Malkia analia, na Baba bado yuko mlangoni na ndoo yake, haendi, ananitazama.

Dirisha limekwama kidogo, anasema. Nisubiri, analisukuma.